Mapitio ya Uzani wa Welta, Mwaka 1974

Santo Ongom hakuwahi kumpiga mtu ngumi maishani mwake. Pale kambi ya polisi alikoishi walisema hata nzi alikuwa akimwomba radhi kabla ya kumfukuza. Kifua chembamba, miwani minene, kazi yake karani wa faili kituoni. Ngumi zote za nyumba yao zilikwenda kwa mdogo wake Ochan, koplo wa jeshi na bondia wa uzani wa welta. Santo akabaki na kalamu, basi akafanya masumbwi kwa kalamu.

Ligi yake aliianzisha mwaka 1966 katika daftari la jalada gumu. Humo aliwakusanya mabondia wa welta wa kila zama: askari wazee waliokwenda Burma enzi za Mwingereza, vijana wa uwanja wa Nakivubo wa miaka ya hamsini, hadi hawa wa juzijuzi. Aliwapambanisha kwa dadu mbili za ludo. Mzee aliyekufa zamani kwa ndui aliweza kumlaza chini kijana wa leo, na hakuna wa kulalamika, maana dadu hazina kabila. Mbele ya kila jina aliandika neno moja, hai au marehemu, ili kumbukumbu zikae sawa. Ukarani ukimwingia mtu hautoki.

Dadu zenyewe hakuzirusha yeye, isije ikasemwa anampendelea ndugu yake. Zilirushwa na Zéphyrin, Mkongo mwenye baa ndogo Kabalagala. Na kila tarehe ishirini na sita Desemba, saa tisa alasiri, Santo alisimama katika baa hiyo akawasomea wanywaji mapitio ya mwaka: nani kapanda, nani kashuka, nani anapaswa kutundika glavu. Siku hiyo Waingereza waliiita Boksingi Dei, na pale Kabalagala hakuna aliyetilia shaka kwamba waliiweka kwa ajili ya masumbwi. Kwani ingekuwa ya nini?

Halafu yakaja mapinduzi, na jeshi likaanza kula watu wake. Mwaka 1971 Ochan aliondoka nyumbani asubuhi kwenda kazini, kama Waacholi wenzake wengi walivyoondoka, na kama wao hakurudi. Santo alitaka kuandikisha habari ya kupotea kwake. Kituoni kwake mwenyewe, mezani kwake mwenyewe, aliambiwa watu wa namna hiyo hawaandikwi. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: karani mzima wa faili, na ndugu yake hana faili. Alirudi kwenye daftari lake, akafuta neno hai mbele ya jina la Ochan, na mahali pale hakuandika kitu.

Akwero, mke wa Ochan, alihamia chumba cha pili cha shemeji yake. Akawa si mke, si mjane. Kwao Gulu walimtaka arudi. Kama mumewe amekufa, basi amlilie, akae matanga, aolewe tena angali kijana. Kama yu hai, amngoje. Alichokosa ni neno moja tu la kumwambia lipi ni lipi.

"Shemeji," alimwambia Santo, "ukisikia neno usinifiche. Hata liwe baya vipi."

"Sitakuficha," alisema Santo, na kila mtu alijua Santo hasemi uongo.

Desemba ya 1974 baba mdogo wa Akwero, mzee Ocen, alikuja kutoka Gulu kumchukua. Akwero alimwomba angoje Krismasi ipite. Mzee akakubali, lakini mkoba wake hakuufungua.

Siku ya mapitio baa ilijaa. Santo alisafisha miwani, akaanza: "Uzani wa welta haukuwa na huruma mwaka huu. Wazee wameonyesha kwamba kuzeeka si kuoza, na vijana wamejifunza kwamba kidevu si cha kuegesha ovyo." Watu walicheka. Akawa anapanda kutoka chini, wa kumi na mbili, wa kumi na moja, na ndipo Abudu alipoingia.

Abudu hakuhitaji kutambulishwa. Zamani alikuwa bondia wa welta pia, na mwaka 1969 Ochan alimshinda kwa pointi pale uwanja wa Lugogo, mbele ya watu wote. Siku hizi alivaa shati la maua na kufanya kazi katika ofisi isiyo na kibao mlangoni. Waliopelekwa huko hawakurudi kusimulia. Mwenye nguvu mpishe. Wanywaji walimpisha mpaka kiti cha mbele kikabaki kitupu.

"Endelea, karani," alisema Abudu akiketi. "Mimi napenda boksingi."

Santo akaendelea, maana kunyamaza kungekuwa kubaya zaidi. Wa kumi. Kisha wa tisa. Jamani, mtu mwingine angeruka mstari, lakini Santo hakujua kuruka mistari. "Wa tisa, Abudu. Amepigana mara sita, ameshinda mbili."

Baa nzima ilitazama chini. Abudu akacheka, akafuta mdomo kwa kiganja. "Namba moja iko nani?"

"Ochan, afande."

"Lete kitabu." Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. "Hapa watu yote iko na neno. Hai, marehemu, hai. Huyu neno yake iko wapi?"

"Hajulikani alipo, afande."

Abudu alimrudishia daftari kwa upole. "Kaa. Shika kalamu. Andika pambano ya mwisho ya mwaka, Abudu na Ochan."

Zéphyrin, kwa mazoea tu, alichukua dadu.

"Weka hiyo chini, Mkongo. Leo mimi ndiyo dadu." Akamgeukia Santo. "Raundi ya kwanza, Abudu anapiga. Raundi ya pili, Abudu anapiga."

"Na Ochan, afande?" Ulikuwa ukarani uliouliza, si Santo.

"Ochan hapigi."

"Anajikinga?"

"Na mikono gani?" alisema Abudu, na wawili watatu wakacheka kwa hofu. "Lakini mimi si mtu ya wivu. Andika hii pia. Ndugu yako ilikuwa bondia. Mikono iko nyuma, kamba imeshika, lakini ngumi ikikuja, yeye nainamisha kichwa kulia, kidogo tu. Kila mara. Mimi nachoka bure. Mpaka mwenzangu akamshika kichwa."

Santo alikijua kichwa kile. Tangu utotoni Ochan alikuwa akikiinamisha vile, kulia, kidogo tu, akikwepa mwiko wa mama yao. Hakuna aliyeweza kubuni jambo lile. Basi yalikuwa yametokea, na aliyeyatenda alikuwa ameketi mbele yake akingoja aandike.

Akaandika. Mwandiko wake haukutetemeka hata kidogo, na hilo hakujisamehe maisha yake yote. Abudu akamwamuru asimame asome upya, namba moja Abudu, Ochan kaanguka raundi ya tatu wala hakuamka. Watu wakapiga makofi. Zéphyrin alipiga makofi machozi yakimtoka. Abudu akalifunga daftari, akalitia kwapani.

"Hii ni mchezo ya daftari tu," alisema mlangoni. "Lakini nikisikia mwanamke analia matanga huko kwa kambi, nitajua nani alisema. Nitakuja kuwaongeza nyinyi wote kwa uzani ya Ochan."

Santo alirudi kwa miguu. Nyumbani alimkuta mzee Ocen kibarazani, mkoba miguuni, na Akwero akipakua chakula.

"Haya, mume wangu amemaliza wa ngapi?" Akwero aliuliza akitania.

"Wa kwanza," alisema Santo.

Akwero alicheka, kisha akaacha kucheka, akamtazama usoni. "Na neno, shemeji? Umesikia neno lolote?"

Pale kambini ukuta baina ya chumba na chumba ulikuwa bati tupu, na Akwero hakuwa mwanamke wa kulia kimyakimya. Angepiga ukemi wa Kiacholi mpaka barabarani, na kabla ya jua kuchwa gari lingefika. Santo aliyapima hayo yote akiwa amesimama, kofia mkononi, na alijichukia kabla hajafungua kinywa.

"Sijasikia," alisema.

"Umemsikia, baba mdogo?" Akwero alimgeukia mzee. "Huyu hajapata kusema uongo. Mume wangu yu hai. Siendi."

Mzee Ocen alipanda basi la asubuhi peke yake. Akwero alitoa nguo za Ochan sandukuni, akazifua zote huku akiimba, sauti yake ikipita kwenye bati mpaka chumba cha Santo. Santo alikuwa ameketi kitandani. Alitaka kumlilia ndugu yake, akaogopa kusikika, akauma shuka mpaka ule wimbo ukaisha. Akwero alikuwa na miaka ishirini na sita. Alingoja mpaka serikali ile ilipoanguka, miaka minne na zaidi, na Santo alikuwepo siku zote akimwangalia akingoja.