Mtu wa Mbele Kwenye Mtumbwi

Pale mwaloni, mitumbwi inapotua, mtu wa kwanza kukubali kulinda mazalia ya samaki alikuwa Idefonsi. Alikuwa Mhangaza wa Bukiriro aliyehamia ukweni huku Biharamulo, akaacha migomba ya baba yake na kujifunza uvuvi ukubwani. Askari wa hifadhi aitwaye Priscila alipokuja kijijini, alieleza kwamba sato wanazaliana kwenye ile ghuba yenye mafunjo, na kwamba askari peke yao hawawezi kuilinda. Watu wakatazama chini. Idefonsi akasimama.

"Afande, mimi nitakuja."

Aliyaona ya kuyaona. Walimwita mbwa wa askari. Wavu wake ulikatwakatwa ukatupwa mlangoni pake. Sokoni Nyakahura, wanawake waliokuwa marafiki wa mkewe, Speciose, walihamisha mabeseni yao ya samaki wasikae naye. Idefonsi hakurudi nyuma. Alifunga madumu ya njano yawe maboya ya kuizunguka ghuba, na siku za doria alikaa mbele kabisa kwenye mtumbwi, akimwonyesha Priscila kwa mkono pa kupita. Mwaka ukapita, mwingine ukaja, na wengine wakaanza kujiunga, mmoja mmoja, hadi kikawa kikundi.

Aliyewasumbua kuliko wote alikuwa Habonimana. Wazazi wake walikimbia vita Burundi, naye alikulia hapo hapo ziwani, mvuvi hodari mwenye maneno ya kuchekesha. Alikuwa na makokoro mawili, nyavu zile ndefu zinazokokotwa mpaka ufukweni na kusomba hata vifaranga vya samaki. Asubuhi moja alivuta kokoro akapata samaki wa ukubwa wa kidole gumba tu. Alilikunja, akalibeba kichwani hadi kwa Priscila, akalitua miguuni pake.

"Lichome, afande. Limenilisha mimi, sasa linawanyima wanangu."

Kokoro la pili alikuwa amelibadilisha kwa mbuzi jike kwa Rogasian, mvuvi wa ng'ambo ya ziwa. Alimwomba Idefonsi waende pamoja kulidai. Wakaenda. Rogasian akakataa katakata: mbuzi alikwisha pokewa, na amekwisha zaa. Njiani Habonimana akasema, "Ndugu yangu, tumpe muda kabla hatujamsema kwa afande. Ana watoto wengi." Idefonsi akakubali. Siku hizo alikuwa bado anampenda Habonimana.

Mapenzi hayo hayakudumu. Habonimana alijua kila kijia ndani ya mafunjo, maana ndimo alimokuwa akijificha. Priscila akamhamishia mbele ya mtumbwi. Idefonsi akasogezwa katikati, kazi yake kuchota maji yanayoingia. Koti la mvua lilipoletwa moja, alipewa Habonimana. Akisema neno, Priscila anacheka mpaka anashika mbavu. Idefonsi naye alijaribu mzaha siku moja. Askari akaitikia tu, "Eee, mzee Idefonsi," akaendelea kutazama maji.

Nyumbani chakula kilimshinda.

"Unamwonea wivu mtu tuliyemwombea kanisani aache wizi?" Speciose akamuuliza.

"Mimi sikuiba hata siku moja. Nani alinipigia makofi?"

Speciose akafunika sahani.

Basi alfajiri moja doria ikakuta kokoro limetegwa ndani ya ghuba, na waliolitega wamekimbia. Viboya vyake vilichongwa kwa kandambili za bluu. Priscila akaviinua.

"Nani anavijua hivi?"

"Ni langu la zamani, afande," Habonimana akasema. "Lakini nilimpa Rogasian. Muulize Idefonsi, tulikwenda naye kulidai."

Wote wakamgeukia Idefonsi. Alihisi ndani yake kitu kitamu kikiamka.

"Viboya ni vya Habonimana," akasema. "Mengine mimi siyajui."

Habonimana akavua koti la mvua, akaliweka juu ya ubao wa mtumbwi.

Priscila akamwondoa Habonimana kwenye doria, na Idefonsi akarudi mbele. Siku za kwanza alifurahi kweli, kifua mbele, mkono ukionyesha njia. Lakini Habonimana hakurudi kwenye wizi kama Idefonsi alivyotarajia. Aliingia majini peke yake, maji yakimfika kifuani, akifunga upya madumu yaliyokatika. Watu wakaanza kumhurumia. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Anafukuzwa na bado analinda!" Idefonsi akasikia, akaumia upya. Hata katika kuonewa, yule mtu alikuwa amemshinda.

Haukupita muda mrefu, Rogasian akakamatwa ghubani na kokoro jingine. Mbele ya askari na wanakikundi wote, akaulizwa kuhusu lile la kandambili.

"Lilikuwa langu," akasema. "Alinipa Habonimana kabla hajaokoka. Walikuja wawili kulidai, yeye na huyu hapa." Akamnyooshea kidole Idefonsi.

Priscila akageuka. "Mzee, ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Idefonsi alitaka kusema mambo mengi. Likatoka moja tu. "Mimi nilianza kabla yake."

Priscila hakumfokea. Alimwambia ashuke mtumbwini, akae kwanza na walinzi wa nchi kavu. Kosa la Habonimana la kumfichia Rogasian pia lilisemwa, naye akalikubali. Lakini koti alirudishiwa.

Jioni Habonimana akaja kwa Idefonsi, akasimama uani bila kukaa.

"Sijaja kukusamehe. Bado naumia. Nimekuja kwa sababu maboya ya upande wa mafunjo yamekatika, na peke yangu siyawezi."

Idefonsi akachukua kamba, wakaenda. Walifanya kazi, na Idefonsi aliona kwamba hata fundo, mwenzake analifunga haraka kuliko yeye. Ule mchomo wa zamani ukamchoma. Akaendelea kushika dumu.

Sasa sato wamerudi, na nje ya maboya watu wanavua wa kujaza sahani. Ghuba ile imepata jina. Watoto wanaiita Kwa Habonimana. Juzi mgeni alimkuta Idefonsi akilinda ufukweni, akamuuliza mahali samaki wanapozaliana panaitwaje. Idefonsi akatazama maji, kisha akamwambia.

"Panaitwa Kwa Habonimana."