Slipu ya Mshahara Ukutani mwa Saluni

Wifi yangu, dada wa mume wangu, watu humwita Vidole. Jina hilo hakulipata kwa wizi. Alilipata kwa kusuka. Alikuwa anaweza kugawa nywele huku shingo kaigeuzia mlangoni anabishana na mtu, na mstari ukatoka umenyooka kama umepigwa rula.

Mchana, lakini, vidole hivyo vilikuwa mali ya hospitali. Miaka kumi na minne yuko chumba cha kufulia. Anapokea mashuka ya wodini, anayaloweka kwenye dawa ya kutoa damu, anayakamua, anayatia kwenye mashine. Glavu walizopewa zilitoboka mwezi uleule, na nyingine ziko njiani mpaka leo. Ngozi ikakauka, ikachanika, halafu ncha za vidole zikaanza kufa ganzi. Daktari wa palepale alimwambia aachane na dawa ile kabla hajapoteza hisia kabisa. Alimwambia kwa mdomo tu. Kuandika hakuandika, maana naye ana mkubwa wake.

"Wifi," akaniambia, "nikizeekea mle ndani sitajua nimeshika nywele au nimeshika uzi. Nafungua saluni. Ikisimama, naacha kazi."

Ndiyo ilikuwa mbio yenyewe: saluni isimame kabla vidole havijafa.

Akapanga chumba cha mbele kwa fundi viatu mmoja. Kioo kimoja, kiti cha kuzunguka kisichozunguka, na draya ya mtumba iliyounguruma kama mashine ya kusaga. Zamu yake ya Jumamosi alimwachia mwenzake, na yeye akamfanyia mwenzake ya Jumapili. Jumamosi ikawa siku ya saluni, wateja wanakaa mpaka kizingitini.

Fundi viatu alimuuliza mapema kabisa, "Mama, ofisi ya kodi umekwenda?"

Vidole akacheka. "Nikafanye nini, baba? Mimi nakatwa kila mwezi, mshahara wenyewe hata sijauona. Wakwepaji ni nyinyi wa mitaani."

"Mimi viatu vyangu navilipia."

"Na mimi nalipiwa mwili mzima, na vidole vyake kumi!"

Tulicheka mpaka mteja akalalamika kuwa anavutwa nywele. Ili kuwafunga watu midomo, Vidole akachukua slipu yake ya mshahara, akaupigia kalamu nyekundu mstari wa kodi, akaibandika kando ya kioo, pale wenzake wanapobandika cheti cha biashara. Gundi nilileta mimi, na sifichi. Kila mwezi alibandika mpya juu ya kuukuu. Mwaka wa tatu zilikuwa zimenenepa kama godoro la mtoto.

Usitucheke. Shule ya msingi tulimaliza, mbele ya hapo hatukwenda. Hospitalini hakuna aliyewaeleza wafanyakazi kuwa kilichokatwa ni cha kazi ile tu. Mtu akikatwa anajua amekatwa, basi.

Jumamosi moja akaingia binti wa ofisi ya kodi. Ana adabu zake, alisubiri mpaka mteja alipomalizwa. Vidole akamwonyesha ukuta kwa kitana. "Kodi ile pale, mwanangu. Jisomee."

Binti akazifunua slipu moja moja kama kurasa za kitabu. "Mama, hii ni ya hospitali. Mwajiri wako ndiye aliyeipeleka."

"Si ndiyo? Ishapelekwa."

"Na ya saluni?"

"Mtu ni mmoja, binti yangu. Nikatwe mara mbili, kwani nina vichwa viwili?"

"Ndiyo maana, mama. Kwa kuwa mtu ni mmoja, mshahara na saluni vinajumlishwa kwenye fomu moja kila mwaka. Ya mshahara imelipwa. Ya saluni bado, tangu ulipofungua."

Mimi nikamrukia. "Mbona siku zote hamkumwambia?"

"Shangazi, tungejuaje, na hakuja kujiandikisha?"

"Na leo mmejuaje?"

Akatazama kibao cha mlangoni, herufi kubwa kama vichwa vya watu. "Kinaonekana kutoka stendi," akasema, taratibu, kama anayeomba radhi.

Tulikwenda ofisini kwao. Huko ndiko nilikoumia zaidi, kwa sababu yule bwana wa dirishani alisema kweli tupu. Angekuja mwaka wa kwanza na risiti za pango, za umeme, za rasta za kusukia, vyote vingetolewa kwenye mapato, na kilichobaki kingekuwa kidogo. "Risiti zako ziko wapi?"

"Risiti za rasta?" Vidole akanigeukia. "Wifi, nani duniani anaweka risiti ya rasta?"

Kwa hiyo wakamkadiria kwa walichokiona, pamoja na faini ya fomu za miaka mitatu. Akaomba kulipa kidogo kidogo, wakamkubalia. Alilipa miezi miwili. Wa tatu draya ikaungua, akashindwa kulipa. Barua ya ofisi ya kodi ikaenda hospitalini: mkateni kwenye mshahara.

Msimamizi wake wala si mtu mbaya. Alimwita, barua iko mezani. "Kumbe una saluni."

"Ninayo, bwana."

"Na mimi nasema, mbona Jumamosi huonekani."

Kubadilishana zamu kukaishia hapo, kwa wote, ili asionekane anamwonea mmoja. Saluni ya mwajiriwa roho yake ni Jumamosi. Wateja walisubiri wiki mbili, wakahamia kwingine, nami siwalaumu, kichwa hakingoji. Kiti akauziwa kinyozi. Slipu zilikataa kubanduka, fundi viatu akazipaka rangi hivyo hivyo. Mitaani wakamtupia ile ya mshika mawili moja humponyoka. Waongo. La hospitali limemng'ang'ania yeye, kama kupe, na kuacha kazi sasa hawezi, maana deni linalipwa humo humo kwenye dawa.

Juzi alikuja kwangu, nikamwambia anisuke, nimchangamshe. Nikakaa sakafuni kati ya magoti yake. Zamani angekuwa amemaliza na umbea juu. Mara hii anagawa, anarudia kugawa.

"Wifi," akasema, "hapa nimeshika nywele, au sikio?"

"Nywele," nikasema.

Lilikuwa sikio.

Alipomaliza nilijitazama kwenye kioo. Mistari ilikwenda kama njia ya mbuzi. Mimi, ambaye sijawahi kumwachia mtu kosa, nikamwambia nimependeza. Yeye akanitazama, akachukua kitambaa changu juu ya kiti, akanifunga kichwani mwenyewe.