Rangi ya Ndani ya Kinu

Walimwita Brashi, na kwa miaka kumi na tisa alipaka rangi jengo moja tu: lile la zege nene lenye kinu cha nyuklia ndani yake. Kinu kikizimwa kwa matengenezo, aliingia na ndoo zake, akakwangua palipobanduka, akapaka, akatoka. Mkewe alimtania kwamba anapamba chumba kisichoingia mgeni.

Kisha pampu za maji ya kupoza zikasimama, fueli ikayeyuka. Siku hiyohiyo mtaa wao ulihamishwa. Wakafikia kwa binti yao, mkemia wa kinu hicho.

Siku ya nne binti alirudi mchana, akaketi bila kuvua viatu.

"Baba, ile rangi ya ndani ilikuwa ya aina gani?"

"Epoksi, ile waliyonipa. Kwani imefanya nini?"

Binti akaeleza. Iodini yenye mionzi iliruka kutoka kwenye fueli, ikanata ukutani. Wahandisi wakashusha pumzi, wakidhani imenaswa. Lakini mionzi iliivunjavunja rangi, na iodini ikaungana na vipande vyake, ikawa gesi ambayo vichujio vya mkaa, vikishalowa mvuke, huishika kwa shida. Ikavuja nje.

"Kwa hiyo ni rangi yangu."

"Si yako, baba. Rangi yoyote ingefanya hivyo."

"Ningeipaka nyembamba?"

"Baba, jamani."

"Nijibu."

"Isingesaidia."

Brashi alingoja atajiwe kazi: kukwangua, kuosha, chochote. Binti akasema hakuna anayeweza kuingia mle. Iodini hupungua nusu kila siku nane; kilichobaki ni kusubiri.

"Na ile sesiamu waliyoitaja redioni?" mama yake akauliza, akimenya viazi.

"Hiyo, mama, miaka thelathini ndiyo ipungue nusu."

"Basi nitakuwa na themanini na nane. Nitarudi na mkongojo." Alicheka peke yake.

Kesho yake Brashi alikwenda kituo cha waliohamishwa kuomba kazi ya kusafisha mtaa. Karani alitazama kadi yake ya kipimo cha mionzi aliyopata kazini, akamrudishia.

"Mzee, umeshapata ya kutosha. Nenda kapumzike."

Akarudi siku ya pili, na ya tatu. Ya nne hakwenda. Alikaa kwenye kochi la bintiye, mikono mapajani.

Mwaka uliofuata ilikuja barua: kwa sababu ya sesiamu, mtaa wao hautafunguliwa tena. Aliisoma akiwa amesimama, akampa mkewe.

"Hebu soma wewe, pengine nimeelewa vibaya."

Mkewe aliisoma mara mbili, akaikunja, akamrudishia.