Chupa Mbili za Maji

Siku yangu ya kwanza kazini, wodi ya watoto pale Singida Mjini, Muuguzi Mkuu alinipeleka kwa mtoto aliyeharisha siku mbili. Alikuwa anahema haraka na kwa nguvu. Nikajitutumua, "Nimonia hiyo."

"Nimonia ya wapi? Kifua chake kisafi," alisema. "Ameharisha maji pamoja na ile chumvi inayopooza tindikali ya damu, kama magadi. Tindikali imezidi, mapafu yanaitoa kwa pumzi. Figo nazo zingesaidia, lakini zitachuja nini na maji hayapo? Mrudishie maji."

Tukamrudishia, pumzi ikatulia. Nikajiona nimeshakuwa fundi.

Baadaye nilihamishiwa zahanati ya kijiji kimoja cha Iramba. Waliokuwa wanaharisha tuliwapa pakiti za chumvi na sukari, kila moja kwa lita moja ya maji. Vijijini hakukuwa na kipimo cha lita, hivyo Mganga Mfawidhi, mkubwa wetu, alituagiza, "Waambieni chupa mbili za bia." Chupa ya bia ni nusu lita, na hata asiyekunywa anaijua.

Siku moja akaja bibi mmoja, mzee wa kanisa, na mjukuu mgongoni. Nikampa shikamoo, nikampa na pakiti. Haya zikanishika. Nimtajie bia mama wa kanisa? Nikasema, "Bibi, pakiti moja kwa maji chupa mbili."

"Haya mwanangu, chupa mbili."

Kwake zilikuwepo za soda tu, zile ndogo zisizofika nusu lita, na dawa ikawa na chumvi kali. Chumvi ikizidi kwenye damu huvuta maji kutoka mwilini kote, hata kwenye ubongo, na figo za mtoto mchanga haziwezi kuitoa yote. Mtoto alilia kiu, bibi akazidi kumpa yaleyale. Siku ya tatu akaletwa na degedege. Jioni haikumkuta.

"Nesi, nimekosea wapi?" bibi aliniuliza. "Nilipima chupa mbili za soda, zimejaa kabisa."

Nilielewa palepale. Mganga Mfawidhi alikuwa amesimama kando yangu, nikaogopa. Nikasema, "Ni mapenzi ya Mungu, bibi."

Sasa nimestaafu, nipo Utemini, hapa Singida Mjini. Wauguzi vijana wakinitembelea nawasihi wamwonyeshe mama chupa yenyewe, waitaje bila haya. Wanacheka. Sababu sijawahi kuwaambia, na leo naiandika kwa aibu. Bibi alishafariki. Binti yake aliniambia kwamba tangu siku ile mama yake hakuthubutu tena kumnywesha mjukuu yeyote kwa mkono wake.