Siku Niliposhona Hadithi ya Mwende

Aibu hii niliipata mwaka ule unga ulipopotea madukani na mtaa wetu mzima wa Huruma tukala muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, asubuhi na jioni, mpaka watoto wakisikia sufuria inafunuliwa wanajificha. Naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Mama Kioko wa nyumba ya chini (huyo huongeza chumvi).

Mjukuu wangu Mwende, anayeniita Susu, yaani nyanya, niliyemsomesha kwa kushona nguo sokoni Gikomba, alikuwa anamaliza chuo kikuu, anasoma hadithi za usasaleo. Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo aliponieleza kwamba humo mwandishi anaingia ndani ya hadithi yake na kugombana na watu aliowatunga, nilimwambia hao wanahitaji maombi. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kutunga hadithi ya namna hiyo na kuitetea mbele ya walimu, na bila hiyo hakuna kuhitimu.

Asubuhi ya siku yenyewe alienda kusukwa nywele, nami nikafungua boksi alimoweka kazi hiyo nipanguse vumbi tu, nikakuta karatasi ishirini na kitu zimelala ovyo, hazina nambari hata moja. Maskini mtoto, nikasema, amezichanganya kwa kukosa usingizi. Nikavaa miwani, nikasoma polepole. Ilikuwa habari ya fundi wa nguo mwenye goti bovu (goti langu, sikuhitaji kuuliza), ukurasa mmoja anakufa Jumanne, mwingine mwandishi anamwamuru afe naye anamjibu, "Sifi leo, nina nguo za watu." Maneno hayo ni yangu. Nilimwambia muuguzi nilipolazwa na nimonia, Mwende akiwa bado mdogo, ameshika mguu wa kitanda analia.

Basi nikazipanga kama mtu mwenye akili, mabishano mbele, kifo mwisho, kwa sababu aliyekufa hasemi tena. Halafu nikaona zitatawanyika, nikazipitisha kwenye cherehani, mshono mara mbili, uzi wa jinzi, nikaongeza jalada la kitambaa cha pazia. Nikafunga boksi, nikavaa kofia ya kanisani, nikanyamaza ili iwe zawadi, tukaenda naye chuoni.

Ukumbini Mwende akawaambia walimu kwamba hadithi yake haina mwanzo wala mwisho, kila msomaji achomoe ukurasa anaoutaka. Akafungua boksi. Akabaki amekishika kile kitabu kama aliyepewa mtoto wa mtu mwingine.

"Nani ameshona hii?" akauliza mwalimu wao mkubwa, mama mmoja mnene.

Nami, mjinga, nikasimama. Nikasema ni mimi, na hata nguo za harusi nashona.

Ukumbi mzima ukacheka. Mwende hakucheka. "Susu, aki umefanya nini," akasema kwa sauti ndogo.

"Zilikuwa zimechanganyika."

"Nilizichanganya mimi. Zikishonwa, Susu, zinakuwa na mwisho, na huo mwisho ni wewe umekufa. Mimi sikutaka."

Kofia ikawa nzito kichwani. Nikajikokota na goti langu mpaka mbele, nikatoa wembe wangu wa kufumulia mkobani, nikafumua mshono mmoja mmoja, walimu wananitazama, jasho linanitoka kama niko jikoni. Karatasi zikatoka na matundu pembeni, nikazichanganya kama karata. Mwalimu akaniambia nichomoe moja mwenyewe. Mwende akaisoma: ni Jumanne, fundi amekufa, wanamvua kastabini ya kushonea kidoleni. Mwalimu akachomoa nyingine, na fundi yuleyule yuko kitini pake anamfokea mwandishi kuhusu zipu. Hakuna aliyemfufua. Karatasi imebadilishwa tu, na mimi nipo. Nimesikia mahubiri mengi, lakini hakuna lililonigusa kama hili, kwamba hiki kitoto nilichokifunga nepi kimekaa usiku na mchana kikitafuta njia ya kunificha mauti yasinione, na kimeipata.

Alipita, pamoja na matundu yangu yote. Nami nimeapa, karatasi za mtu sishoni tena, hata upepo ukizipeleka mpaka kule viwandani, Industrial Area.

Tulipokuwa tunatoka siku ile, yule mwalimu alinifuata mlangoni na ukurasa wa kifo mkononi, anatabasamu. "Mama, na huu sasa tuuweke wapi? Mwisho?"

Nikamwambia auweke popote anapopenda, ila ajue jambo moja.

"Sifi leo, nina nguo za watu."