Bunduki Fupi ya Mzee Rapoo

Watu wa kwetu Phokeng wakiniuliza habari za Mzee Oteng Rapoo siku hizi, wananiuliza kwa sauti ya chini, utadhani ni yeye aliyefariki. Mimi nawajibu kwa sauti yangu ya kila siku. Nilifanya naye kazi miaka tisa katika kampuni ya kusafirisha fedha pale Rustenburg, mimi dereva, yeye mwalimu wa silaha, na sijapata kuona mtu mwaminifu mwenye kisirani kama yule. Alikuwa na miaka hamsini na saba, mgongo mbovu aliotoka nao jeshini, na alichukia kuliko vyote kumwona mlinzi akiinamisha kichwa kuitazama bunduki yake anapobadilisha magazini, kile kikasha cha risasi.

"Unatafuta nini huko chini?" alikuwa akikuuliza. "Umedondosha sindano?"

Alisema macho ni ya kumtazama anayetaka kukuua, magazini ni kazi ya mkono. Basi aliwafunga walinzi kitambaa usoni, akawaamuru wachomoe na kuchomeka magazini mara mia kabla ya chai. Asiyeweza, chai aliipata harufu tu. Tulimwita Mama Mkwe kwa kuwa hakuna kilichomridhisha. Lakini walinzi wake walirudi kwao jioni, na katika kazi yetu sifa haina maana nyingine.

Mwanafunzi wake mkuu alikuwa Tshenolo Mogorosi, mtoto wa pekee wa mjane anayeuza utumbo na ugali mchachu wa mtama karibu na lango la mgodi. Mama huyo alimleta mwenyewe kwa Mzee Rapoo, miaka kumi na moja kabla ya haya ninayosimulia, akamwambia, "Mwanangu anataka kazi yenu ya vifo. Mfundishe wewe, nisimlilie." Mzee alimfundisha. Tshenolo alifika mahali ambapo aliweza kukusimulia mechi ya Jumapili, bao kwa bao, huku mkono wake wa kushoto ukibadilisha magazini peke yake bila yeye kujua kama umefanya hivyo. Mzee alimtazama kwa majivuno ambayo hakuweza kuyaficha, akageuka kumgombeza mwingine.

Mwanzoni mwa mwaka jana walinzi wetu wawili waliuawa kwenye barabara ya Boshoek, na wote wawili walifia mlangoni mwa gari. Majambazi waliligonga gari letu likazimika, vijana wakataka kutoka, na bunduki zao ndefu zikanasa: ya mmoja kwenye fremu ya mlango, ya mwenzake kwenye mkanda wa kiti. Mzee Rapoo alikwenda kuwaona wajane wote wawili. Alirudi akakaa kwenye benchi la karakana, na siku hiyo hakumgombeza mtu.

Wiki iliyofuata meneja wetu, Bwana Lombaard, alimwekea bunduki mbili mezani.

"Tunanunua arobaini," akasema. "Ndefu kama tulizonazo, ila mpya, au hizi fupi. Una wiki moja. Utakachotia saini ndicho kitakachonunuliwa."

Ile fupi ukiiona mara ya kwanza unadhani fundi aliiunganisha akiwa na usingizi. Magazini haiko mbele ya kifyatulio bali nyuma yake, karibu na kwapa. Kwa ujanja huo mtutu unabaki na urefu wake, ila bunduki nzima inapungua zaidi ya shubiri. Tshenolo aliizungusha mikononi akacheka.

"Mwalimu, hii imevaa suruali nyuma mbele."

"Kama wewe kwenye harusi ya binamu yako."

"Mimi siku ile nilikuwa nimelewa. Huyu aliyeitengeneza alikuwa na nini?"

Tulilipeleka gari bovu nyuma ya karakana. Mimi nilikaa na saa mkononi, Tshenolo akawa anaingia na kuruka nje, mara sitini kwa bunduki ndefu, mara sitini kwa fupi, mpaka shati likamganda mgongoni. Ndefu ilinasa mara saba. Fupi haikunasa hata mara moja. Nilimpa Mzee karatasi niliyoandikia hesabu. Aliisoma, akaikunja, akaisoma tena.

"Saba," akasema. "Kila moja ya hizi saba ni jeneza."

Tshenolo alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari akinywa maji. Utani ulikuwa umemtoka.

"Mwalimu, nisikilize kidogo. Kutoka mlangoni ni sawa, sina ubishi. Lakini huu mkono umeoana na ile ndefu miaka kumi na moja. Nikishtuka, utarudi kwa mkewe."

"Mkono hufundishwa. Wa kwako nani aliufundisha?"

"Wewe."

"Basi nitaufundisha tena."

"Kuufundisha najua utaufundisha. Nakuuliza kama mkono wenyewe utasahau ya zamani."

Mzee aliitia ile karatasi mfukoni akaondoka. Namsifu kwa hilo, maana mtu mwingine angejibu chochote. Siku nne nzima alizunguka na maneno hayo. Alikuja mpaka kwenye gari langu wakati wa chakula, akasimama dirishani huku mimi natafuna.

"Olebile, wewe ungechagua ipi?"

"Mimi dereva, Mzee. Silaha yangu ni breki."

"Jibu kama mtu mzima."

Nilimwambia ningechagua fupi, kwa sababu wale wawili wa Boshoek niliwajua, na mmoja wao nilimsaidia kupaka rangi nyumba yake. Akaitikia kwa kichwa polepole. "Na mimi mlango nauona kila nikifumba macho," akasema. "Hilo la mkono nalisikia tu, silioni." Ijumaa akatia saini bunduki fupi. Nasema hivi ili ijulikane kwamba hakukurupuka, na kwamba mimi nilikuwa mmoja wa waliomsukuma.

Mazoezi yalikwenda wiki tatu. Walinzi wapya ambao hawakuwa wameizoea vizuri ile ndefu waliizoea fupi mapema, hawakuwa na cha kusahau. Tshenolo alihangaika siku za kwanza, kisha akaiweza, kwa kitambaa usoni na bila kitambaa. Mzee alimpa alama zote. Mazoea yana taabu, wanasema watu, lakini kwenye uwanja wa mazoezi taabu yenyewe haionekani, kwa kuwa hakuna anayekupiga risasi.

Jumanne moja ya Machi, saa nne asubuhi, lori lilikingama mbele yetu barabarani, na gari dogo likatugonga ubavuni upande wangu. Mlango wangu ulibonyea ukanibana mguu. Majambazi walikuja na baruti ya kulipulia gari, na mimi nilikuwa ndani nimenasa. Tshenolo alitoka kwa mlango wa nyuma kuwazuia. Alitoka kama maji, bunduki haikugusa kitu. Kwa lile la mlango, Mzee Rapoo alikuwa amesema kweli tupu.

Nilimwona kwenye kioo cha pembeni. Alipiga goti nyuma ya tairi, akafyatua, na wale wenye baruti wakarudi nyuma. Risasi zikamwishia. Mkono wa kushoto ukachomoa magazini nyingine kiunoni, upesi, vizuri kama siku zote, ukaipeleka mbele ya kifyatulio, pale ilipokuwa ikikaa miaka kumi na moja. Ukagonga plastiki. Ukagonga tena. Ndipo akainamisha kichwa kutazama, yeye ambaye hakuwahi kuinama tangu nimjue, na wakampiga hapo.

Polisi walifika upesi, majambazi wakakimbia bila hata noti moja. Mimi nilitoka na mguu uliovimba.

Alhamisi Mzee Rapoo alikuja nyumbani kwangu. Mke wangu alimpa kiti, hakukaa.

"Ulikuwa na kioo," akasema.

"Nilikuwa nacho."

"Mkono wake ulikwenda wapi?"

Nilitazama mguu wangu. Nilifikiria kumdanganya, na uongo nilikuwa nao tayari mdomoni, mzuri kabisa. Lakini alikuwa ananiangalia jinsi alivyokuwa akituangalia uwanjani.

"Ulikwenda mbele, Mzee. Mara mbili."

Akakaa sasa. "Angekuwa mwanafunzi mbaya angekuwa hai," akasema. "Nilimfundisha sana." Baadaye akaniambia, "Jumamosi wewe ndiye utakayesimama. Uyaseme hayo."

Kwetu marehemu hazikwi mpaka aliyekuwa naye mwishoni asimame mbele ya watu aeleze alivyokufa. Kama aliugua, husimama aliyemuuguza. Mara hii zamu ilikuwa yangu.

"Siwezi kukuuza mbele ya mama yake," nikamwambia.

"Hujaombwa kuniuza. Umeombwa kueleza."

Jumamosi alfajiri, baridi ikiuma, nilisimama na fimbo yangu mbele ya jeneza. Nilieleza lori, nikaeleza baruti, nikasema Tshenolo alipigana kiume akaniokoa, na kwamba alikufa papo hapo bila mateso. Hakuna neno la uongo nililosema. Niliruka tu lile la mkono. Watu wakaitikia, na nikaanza kurudi kwenye kiti changu nikiona nafuu, na kuionea aibu nafuu yenyewe.

Mzee Rapoo hakuwemo kwenye orodha ya wasemaji. Alisimama hata hivyo, akavua kofia.

"Olebile amenihurumia," akasema. "Kijana alikufa kwa sababu mkono wake ulitafuta risasi mahali nilipoufundisha mimi. Bunduki ile niliichagua mimi. Aliniambia mkono utarudi kwa bunduki ya zamani, na nikatia saini. Mama Tshenolo, uliniambia nimfundishe usimlilie. Sina zaidi."

Hakuna aliyeitikia. Mjomba wa marehemu, aliyekuwa akiongoza shughuli, alikunja karatasi yake akasema tuelekee makaburini.

Jeneza liliposhushwa, wanaume walishika makoleo. Desturi ni kwamba hufukii peke yako mpaka uchoke. Ukishatupa udongo mara kumi hivi, mwenzako anakugusa bega, unampa koleo, unarudi nyuma. Makoleo manne yalizunguka hivyo mikononi mwa watu. La Mzee Rapoo halikuzunguka. Walinzi aliowafundisha walikuwa pale, wazima kwa sababu yake, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kutazama upande mwingine. Alitupa mara ishirini, thelathini, mgongo ukigoma, pumzi ikisikika. Mimi nami nilisimama na fimbo yangu, nikijiambia kwamba mguu ndio unaonizuia.

Mama Tshenolo alikuwa ameketi kando ya kaburi, blanketi mabegani. Tangu Jumanne hakuwa amesema neno la kusikika.

"Mpokonyeni hilo koleo," akasema.

Makoleo mengine yakasimama.

"Hawezi kuniulia mwanangu, halafu anizikie peke yake. Mpokonyeni."

Mzee alinyoosha mgongo, koleo mkononi, akangoja aje mtu. Niliiacha fimbo chini nikaenda nikichechemea, nikamgusa bega. Vidole vyake havikufunguka mara moja. Ilibidi nivitoe kimoja kimoja kwenye mpini. Akarudi nyuma akasimama karibu na kiti cha yule mama, kwa kuwa nafasi ilikuwepo hapo tu, na yule mama hakumtazama wala hakumfukuza. Nikaanza kufukia.