Moshi wa Boma Lisilo na Kaburi

Adero alikuwa mwalimu mjini Kisumu kabla ya kurudi Seme, upande wa Kombewa, kulinda boma la marehemu mumewe. Joram alikuwa mhudumu katika meli za ziwani. Mwaka wa 1966 mtumbwi aliopanda ulipinduka karibu na Luanda Kotieno, akazama, na mwili haukuonekana tena. Ukoo ulitaka azikwe kwa desturi: tunda la yago, refu na zito kama mkono wa mtu, hulazwa kaburini badala ya maiti iliyopotea. Adero alikataa. Nyumba ya wasomi haiziki tunda, alisema. Ibada kanisani inatosha.

Miaka miwili baadaye binti yake wa pekee, Awuor, akaja kuposwa. Wageni walikuwa Wabukusu, watu wa kupima nyumba kwa sahani yake, na Adero hakutaka boma lake lisemwe vibaya. Akachinja bata mzinga mkubwa. Alimpika kama Joram alivyofundishwa na mpishi wa meli: ndani ya pipa lililopasuliwa, makaa pande mbili, vijiti vya mpera juu ya makaa, kisha kifuniko na subira.

Shemeji yake, Oketch, alikuja kuusogelea moto.

"Mama Awuor, ndege huyu umempa pipa zima. Ndugu yangu hata shimo hakupata."

"Shemeji, kama huna kazi, kata kuni."

"Makaa hayataki kuni."

"Basi kata maneno."

Hakukuwa na upepo, lakini moshi haukupanda. Ulitambaa chini, ukapita lango la boma na kushika njia ya ziwani, kama mtu anayekwenda kumlaki mgeni. Adero aliingia ndani kupanga sahani. Aliporudi akafunua kifuniko. Bata aliyemlaza chali sasa alikuwa kifudifudi, jinsi Joram alivyopenda, ili mafuta yashukie kifuani.

"Umemgeuza wewe?"

"Mimi? Nimeketi hapa na kiko changu."

Koleo lilikuwa limelowa, linanuka matope ya ziwa. Adero alilifuta kwa aproni.

Wageni wakafika. Mzee Waliaula, babake Enos, kijana aliyekuja kuposa, aliketi lakini hakugusa chai.

"Mama, sisi ni watu wa heshima. Yule mzee kwenye moto tumemsalimia, tukarudia. Ametugeuzia mgongo. Kama hatutakiwi hapa, tuambiwe."

"Mzee gani?" Oketch aliuliza.

"Wa kofia ya meli. Shati limemganda mwilini kama ameoga na nguo."

Oketch akainamisha kichwa.

Adero angeweza kusema ni kibarua, tena kiziwi. Uongo huo ulikuwa umeshafika ulimini. Wageni wangecheka, wangekula, na jina la nyumba lingepona. Lakini Awuor alikuwa dirishani, akitazama nje.

"Mama," alinong'ona, "anatetemeka."

Adero akasimama. "Huyo ni mume wangu," aliwaambia wageni. "Alizama, na mimi ndiye niliyekataa azikwe."

Kisha Waliaula akavua koti. "Posa haitangulii matanga. Jembe liko wapi?"

Walichimba. Oketch alichuma yago kwenye mti wa njia panda, na Adero mwenyewe akalivika shati la Joram la kanisani kabla ya kulilaza udongoni. Oketch alipoita jina la nduguye ndani ya shimo, makaa kwenye pipa yalifoka mvuke mara moja, yakazimika. Hakuna aliyekuwa karibu nayo.

Bata alikuwa ameiva. Wakamla kama chakula cha msiba, na ingawa Adero alimpaka chumvi nyingi, nyama ilikuwa na ladha ya maji ya ziwa. Hakuna mgeni aliyeiacha.

"Tutarudi matanga yakiisha," Waliaula alisema akinawa mikono. "Leo tumejua tunaposa kwa nani."